Nanxun: Mji wa Mifereji Uliotajirishwa na Uzi wa Hariri



 Leo siandiki mishono wala rangi za msimu. Leo nataka tukae kitako tuzungumze historia, lakini msikimbie, maana ni historia ya nguo tunazovaa.

Mwaka juzi alikuja bi harusi mmoja dukani kwangu na mama yake. Wamebeba wari sita za kitambaa cheupe cha rangi ya maziwa, kwa ajili ya nguo ya nikaha. Mama alikuwa kapokea mchezo, na pesa zote zimeingia kwenye kitambaa hicho. Aliambiwa ni hariri safi ya China. Kwa kuwa kitambaa kigeni sikiamini mpaka nikijue, nilitia pasi pembeni kidogo kujaribu. Kikanywea, kikanata kwenye pasi. Nikachomoa nyuzi mbili, nikaziwashia kiberiti. Ziliyeyuka zikafanya ushanga mweusi mgumu, na duka zima likanuka plastiki. Ilikuwa polista.

Mama wa watu alikaa kimya muda mrefu. Aliposema, alisema: "Mwanangu, usimwambie mtu." Binti yake akaniuliza swali jengine: "Dada, basi hiyo hariri yenyewe inatoka wapi?"

Nilijua inatoka China, basi. Hilo halikuwa jibu la mtu anayeishi kwa kuuza na kushona nguo. Nikaanza kusoma, usiku baada ya kufunga duka, na katika kusoma nikakutana na mji mdogo unaoitwa Nanxun.

Mji juu ya maji

Nanxun upo mashariki ya China, katika jimbo la Zhejiang, kusini ya ziwa kubwa liitwalo Taihu, baina ya miji ya Huzhou na Suzhou. Ni nchi tambarare, chini kidogo unapata maji. Kwa hivyo watu wa huko tangu zamani walichimba mifereji. Mifereji ilitoa maji ya mafuriko mashambani, ikapeleka maji kwenye mpunga, na ikawa ndiyo barabara zao. Mizigo, wageni na maharusi, vyote vilikwenda kwa mashua.

Mji ulipata jina lake na hadhi ya mji mwaka 1252, wakati wa utawala wa Song ya Kusini. Unapitiwa na mfereji wa kale unaoitwa Ditang, ambao unaungana na ule Mfereji Mkuu wa China. Mfereji Mkuu ni maajabu ya peke yake. Unatoka Beijing mpaka Hangzhou, karibu kilomita 1,800. Mwanzoni mwa miaka ya 600 mfalme Yang wa ukoo wa Sui aliunganisha mifereji iliyokuwepo na kuchimba mipya, ili mchele wa kusini ufike kaskazini kwenye majeshi na makao ya wafalme. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza Mfereji Mkuu katika Urithi wa Dunia, na mji wa Nanxun umo ndani ya urithi huo.

Ukitazama picha za Nanxun, mtu wa kisiwani hachoki. Kuna mtaa unaitwa Baijianlou, maana yake nyumba za vyumba mia. Nyumba zimepangana kando ya mfereji, kuta nyeupe na mapaa ya vigae vyeusi, na mbele kuna njia iliyoezekwa, watu wanapita na kukaa bila kupigwa na jua wala mvua. Mimi nilipoziona niliona baraza zetu. Kila baada ya hatua kadhaa kuna ngazi za mawe zinazoteremka majini, ambapo wanawake walifulia, wakaosha mboga na kupokea mizigo. Masimulizi ya mji yanasema nyumba hizo zilijengwa zama za Ming na tajiri mmoja, Dong Fen, kwa ajili ya kuweka watumishi wanawake wa ukoo wake.

Na madaraja! Madaraja ya mawe yaliyopinda juu kama nusu ya duara, ili mashua zipite chini yake. Lakini si madaraja yaliyoutia mji huu mamilioni. Ni kiwavi.

Mwezi wa viwavi

Shoga, hebu tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu tukijua kazi ndipo tutajua thamani.

Kiwavi wa hariri anakula majani ya mforosadi. Vijiji vyote kuizunguka Nanxun vilipanda miforosadi kwenye kingo za mifereji na mabwawa. Tope lililozolewa kwenye mifereji liliwekwa kwenye mashina kuwa mbolea, na kinyesi cha viwavi kilikwenda kulisha samaki mabwawani. Hakuna kilichotupwa.

Majira ya machipuko mayai yanaanguliwa. Kiwavi akitoka ni mdogo kama kipande cha uzi. Kwa muda wa karibu mwezi mmoja anakula usiku na mchana, anajivua ngozi mara nne, na uzito wake unaongezeka kama mara 10,000. Majani lazima yawe mabichi, makavu bila ya maji, na katika siku za mwanzo yakatwekatwe. Baridi ikizidi, wanakufa. Joto likizidi, wanakufa. Harufu kali inawadhuru. Kazi ya kuwalea ilikuwa ya wanawake zaidi. Waliamka usiku kuwalisha, na wakati mwengine walilala chumba kimoja nao.

Mwezi huo vijiji vilifunga milango. Hakuna kutembeleana, hakuna makelele, na hata harusi zilisogezwa mbele mpaka viwavi wamalize. Katika baadhi ya vijiji vya ukanda huo, mke mpya alikuja kwa mumewe na viwavi kutoka kwao, na msimu wa kwanza alewe mwenyewe, ukweni wapate kumuona mkono wake. Mnalalamika kupimwa kwa pilau, mashoga! Wenzenu walipimwa kwa viwavi.

Kiwavi akishiba anajizungushia uzi mmoja usiokatika, unaoweza kufika karibu kilomita moja, akajifungia ndani ya kifukofuko. Vifukofuko vinatiwa kwenye maji ya moto ili gundi ilainike. Hapo mvutaji anatafuta ncha ya uzi kwa vidole, anaunganisha ncha za vifukofuko kadhaa pamoja, na kuvuta huku gurudumu linazunguka. Akichoka uzi unakuwa mnene, akighafilika unakuwa mwembamba, na ukikatika lazima aunge bila fundo kuonekana. Vidole vinashinda ndani ya maji ya moto. Kilo moja ya uzi inataka maelfu ya vifukofuko. Nilipoyasoma haya nilikwenda kabatini, nikatoa shela ya hariri aliyoniachia bibi yangu, nikaishika upya.

Jili, kijiji chenye jina Lyon

Karibu na Nanxun kipo kijiji kiitwacho Jili. Uzi wa Jili ulisifika kuwa mweupe, unaong'aa, wa mviringo sawasawa na wenye nguvu. Wanasimulia kwamba uzi wake mmoja uliweza kuning'iniza sarafu nane za shaba bila kukatika. Sababu walizozitaja ni maji safi ya mto wao, aina nzuri ya viwavi, na ufundi wa mikono ya wavutaji.

Kuanzia mwaka 1757 watawala wa China waliwafungia wafanyabiashara wa Ulaya kwenye bandari moja tu, Guangzhou, iliyo mbali kusini. Uzi wa Nanxun ulibidi usafiri njia ndefu sana kumfikia mnunuzi. Baada ya vita na Uingereza na mkataba wa mwaka 1842, bandari nyengine zilifunguliwa kwa lazima, Shanghai ikiwemo mwaka 1843. Kwa China yalikuwa mapatano ya aibu. Kwa Nanxun ilikuwa ni kama mlango umefunguliwa mbele ya nyumba, maana Shanghai wanafika kwa mashua kupitia mifereji yao wenyewe.

Mwaka 1851 yalifanyika Maonesho Makubwa London, na hariri ya Huzhou iliyopelekwa na mfanyabiashara wa Shanghai ikapata medali. Wanunuzi wa London na Lyon wakauita uzi huo Tsatlee, kwa kufuata matamshi ya jina la kijiji. Katika miaka hiyohiyo ya 1850 na 1860 ugonjwa ulishambulia viwavi wa Ufaransa na Italia, ukaangamiza ufugaji wao. Viwanda vya Lyon vikabaki na mashine bila uzi. Wakaitazama China.

Hapo ndipo watu wa Nanxun walipopata utajiri wa kutisha. Wengine walijifunza lugha za kigeni wakawa madalali baina ya Wazungu na wauza uzi. Wenyeji wakazipanga koo za matajiri kwa ukubwa wa wanyama: tembo wanne, ng'ombe wanane, na mbwa wa dhahabu sabini na wawili. Kadiri mnyama alivyo mkubwa ndivyo mali ilivyo nyingi. Tembo wanne walikuwa koo za Liu, Zhang, Pang na Gu. Mkuu wa ukoo wa Liu, Liu Yong, aliyezaliwa mwaka 1826, alianza ujana wake akijifunza kazi kwenye duka la nguo za pamba. Sisi wa madukani tusikate tamaa!

Majumba na vitabu

Pesa zikishakuja, zinatafuta pa kukaa. Ukoo wa Liu ulianza mwaka 1885 kujenga bustani yenye ziwa la mayungiyungi, inayoitwa Xiaolianzhuang. Zhang Shiming alijenga jumba lenye vyumba zaidi ya 200. Mbele ni nyumba ya Kichina ya nakshi za mbao na matofali, ukipenya ndani unakuta jengo la mtindo wa Kifaransa, lenye vigae vya sakafu vya Ufaransa na ukumbi wa kuchezea dansi. Uzi ulikwenda Ulaya, vigae vikarudi.

Kijana mwengine wa hukohuko, Zhang Jingjiang, aliyezaliwa mwaka 1877, alifungua biashara Paris ya hariri, chai na vitu vya kale, kisha akamsaidia kwa pesa nyingi Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi yaliyouondoa ufalme China. Pesa ya viwavi ilifika mpaka huko.

Lakini anayenipendeza mimi ni Liu Chenggan, mjukuu wa Liu Yong. Baina ya mwaka 1920 na 1924 alijenga maktaba iitwayo Jiayetang, akaizungusha maji kuikinga na moto. Alinunua vitabu vya kale kwa malaki, akachapisha tena vile vilivyokaribia kupotea, hata ambavyo watawala wa zamani walivipiga marufuku. Mali yake iliyeyuka kwenye vitabu. Mwaka 1951 akaitoa maktaba kwa Maktaba ya Mkoa wa Zhejiang, na jengo lipo mpaka leo. Tembo wengine walibakisha majumba, yeye alibakisha elimu.

Na wanawake je? Ukitembezwa Nanxun unaoneshwa nyumba ya Liu na nyumba ya Zhang. Majina milangoni ni ya wanaume waliouza uzi, na mikono iliyouvuta ni ya mama na mabinti wa vijijini. Nasema hivi kwa sababu katika biashara zetu pia anayeshona taarabizi usiku kucha mara nyingi siye anayetajwa kwenye picha.

Uzi ulipokatika

Sasa tufike penye somo. Utajiri ule haukudumu, na sababu yake ilikuwa ileile iliyomliza bi harusi wangu: uaminifu wa bidhaa.

Uzi wa Jili ulivutwa majumbani, kila nyumba na mkono wake. Mnunuzi akipokea robota moja alikuta humo uzi mnene na mwembamba, mzuri na mbaya pamoja. Mashine za Ulaya na Marekani zilikuwa zinakwenda kasi, na uzi usiolingana unakatika. Malalamiko yakazidi. Watu wa Nanxun hawakukaa tu, walianza kuuvuta uzi upya na kuuchambua kabla ya kuusafirisha, na kwa muda ikasaidia. Lakini Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1872 serikali yao ilifungua kiwanda cha Tomioka, uzi ukavutwa kwa mashine za mvuke, mayai ya viwavi yakakaguliwa yasiwe na maradhi, na kila mzigo ukapimwa. Haikuchukua miaka arobaini, Japani ikaipita China kwa kuuza uzi wa hariri nje. Wakati huo matembo wengi wa Nanxun pesa zao walishazipeleka kwenye chumvi, ardhi na majumba ya Shanghai.

Kisha ikaja hariri bandia ya kiwandani, rayoni, iliyong'aa kwa bei ndogo. Uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929, na wanunuzi wa nje wakapungua. Mwaka 1937 majeshi ya Japani yaliivamia nchi hiyo na kuteka eneo lote la Taihu. Mwaka uliofuata Marekani ikatangaza nailoni, na soksi za kike zilizokuwa zikila hariri nyingi zikahamia huko. Polista nayo ikafuata. Kile kitambaa kilichonata kwenye pasi yangu ni mjukuu wa vitambaa hivyo.

Hata hivyo, ufundi haukufa. Mwaka 2009 UNESCO iliuandika ufugaji wa viwavi na ufundi wa hariri wa China katika urithi wa wanadamu usioshikika, na huko Zhejiang bado wapo wanaovuta uzi kwa mkono.

Hariri na sisi

Msidhani mifereji hiyo haiwajui Waislamu. Hangzhou, unakoishia Mfereji Mkuu, upo msikiti wa kale unaoitwa Fenghuang. Na Yangzhou, ukingoni mwa mfereji huohuo, kuna kaburi la Puhaddin, mlinganiaji aliyetoka Uarabuni na kufariki mwaka 1275. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, aliandika pia habari za China, na akashangaa kwamba huko hariri ni nyingi hata masikini wanavaa, na nguo ya pamba ndiyo yenye bei.

Na sisi wanawake tunajua tulivyofadhilishwa. Mtume wetu (s.a.w.) ameeleza kuwa hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma wake, na halali kwa wanawake wake. Ni neema. Lakini neema haitaki israfu, wala haitaki uongo.

Hapa na mimi nikiri. Kabla ya siku ile niliwahi kuuza skafu nikisema ni hariri, kwa sababu aliyeniuzia jora aliniambia hivyo, na sikujaribu. Nilipojua, niliwapigia niliowakumbuka nikawarudishia tofauti ya bei. Wawili walicheka, mmoja aliacha kununua kwangu mpaka leo, na nina haki gani ya kumlaumu?

Kwa hivyo ukienda kununua, chomoa nyuzi mbili tu pembeni, ziwashe mbali na kitambaa. Hariri ya kweli inanuka nywele zilizoungua, moto hauendelei, na majivu unayasaga kwa vidole. Polista inayeyuka na kufanya ushanga mgumu. Muulize muuzaji bila haya, na bei ikiwa ndogo mno, kumbuka yule mama aliyeamka usiku kukata majani ya mforosadi. Hakuna anayefanya kazi ile kwa bei ya skonzi. Na kama uwezo ni wa polista, vaa polista yako kwa raha zako, inapendeza ikishonwa vizuri, ila tu uuziwe kwa jina lake na bei yake.

Yule bi harusi nilimshonea kitambaa kilekile, kwa pasi ya moto mdogo, na nikatia bitana ya pamba ili asifukutike. Siku ya nikaha wifi yake mkubwa alikishika akauliza, "Hii hariri?" Mama yake akanitazama. Binti akajibu mwenyewe, anacheka: "Polista, wifi, lakini mshono wa fundi." Wote wakacheka, na harusi ikaendelea. Sasa ana mtoto mmoja, na juzi kaniagizia skafu ya hariri. Tuliiwashia kiberiti pamoja kwanza.

Mwenyezi Mungu atupe biashara zenye baraka na ndoa zenye ukweli. Amiin. Tukutane wiki ijayo In shaa Allah, nitarudi kwenye mishono.